Mfuko wa Gesi Uliolala

Konstebo alikuwa ameshaimaliza kesi kabla Inspekta hajafunga mlango wa gari.

"Ndugu kaua ndugu, afande," alisema, akitembea kinyumenyume mbele yake ili asikose kuonekana. "Kilichobaki ni kuandika tu."

"Basi andika," Inspekta alimjibu. "Mimi niache nitazame ng'ombe."

Kituoni walimwita Shangazi, na haikuwa kwa sababu ya umri. Mwanamke huyu alihoji watu kama shangazi anayempima mchumba wa mpwa wake: kwa upole, kwa kurudiarudia, na bila kuamini neno lolote mpaka aone nyumba anayotoka huyo mchumba. Konstebo, ambaye alipenda kesi zinazoisha kabla ya chakula cha mchana, alimheshimu na kumchoka kwa kiasi kilekile.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana asubuhi mwenye zizi hili, mwanamume ambaye hajaoa, alitolewa amekufa katika shimo la tope nyuma ya banda la ng'ombe. Kichwani alikuwa na jeraha. Kando yake alikutwa mdogo wake, ameloa tope la samadi hadi kifuani, mkononi ameshika mti mrefu wenye ndoano ya chuma. Alipoulizwa kulikoni, hakusema. Alipofungiwa, hakusema. Mama yao alikuwa mjane, na duniani alikuwa na hao wawili tu. Mmoja sasa alikuwa chumba cha maiti, mwingine amekaa kwenye sakafu ya seli, na kesho yake angesomewa shitaka la mauaji. Shangazi alijua vizuri kilichomleta pale: kuona kama mama yule atabaki na mtoto au hatabaki.

Banda lilikuwa safi kuliko nyumba nyingi. Ng'ombe walisimama vichwa ndani ya hori, na sakafu ya zege ilikuwa imeteremshwa nyuma yao, kiasi kwamba kila kilichodondoka kiliteleza mferejini hadi kwenye tangi la chini ya ardhi. Tangi lilitoa gesi. Gesi ilipanda kwa mpira hadi kwenye mfuko mkubwa mweusi uliolazwa chini ya paa la mabati, na kutoka mfukoni iliingia kwenye jenereta. Jenereta iliwasha chumba kilichojaa mashine zilizopangwa kwenye rafu kama vitabu vya shule, kila moja na feni yake. Leo kila kitu kilikuwa kimya. Mfuko ulikuwa umevimba hadi unagusa mabati.

"Nani ameukoroga mtambo huu tangu jana?" Shangazi aliuliza.

"Hakuna, afande. Nimezungusha utepe. Hata nzi wanaomba ruhusa."

Shangazi alibonyeza mfuko kwa kiganja. Ulikuwa mgumu kama tumbo la mtu aliyeshiba. Alikunja uso, na konstebo akafadhaika, maana alishaizoea sura ile.

Mtu waliyemkuta mlangoni mwa chumba cha mashine alikuwa mbia wa marehemu. Alikuwa na shati lililopigwa pasi, simu mbili, na macho mekundu. Mtaani walimwita Sarafu.

"Nieleze biashara yenu," Shangazi alimwambia, "kama unavyomweleza shangazi yako."

"Shangazi yangu anasema ni uchawi."

"Basi mimi niambie kabla sijakubaliana naye."

Sarafu alivuta pumzi. "Hizi mashine zinachimba sarafu za mtandaoni. Zinapiga hesabu mchana na usiku, zikipata jibu zinalipwa. Shida ni umeme. Mashine moja inakula kama nyumba nzima yenye watoto. Ukinunua umeme, faida yote anakula mwenye umeme. Huyu mwenzangu alikuwa na mavi ya bure. Mavi ni gesi, gesi ni umeme, umeme ni sarafu. Mimi nilete mashine, yeye alete ng'ombe, tugawane nusu kwa nusu."

"Ikalipa?"

"Mwanzoni ililipa kuliko maziwa. Tulikuwa tunacheka, tunasema sasa ng'ombe anafugwa kwa ajili ya mkia." Alitaka kutabasamu, mdomo ukamkatalia. "Halafu bei ya sarafu ikaporomoka. Na wachimbaji wameongezeka dunia nzima, hivyo hesabu zinakuwa ngumu kila siku. Kilichokuwa kinachimbwa na mashine moja sasa kinataka tatu. Tukaongeza mashine. Lakini ng'ombe ni walewale, afande. Bei ikishuka, ng'ombe hanyi zaidi."

"Mkabana matumizi wapi?"

"Kila mahali. Ng'ombe wakaacha kwenda malishoni, maana kinachodondoka njiani ni hasara. Jenereta ikawa haizimwi. Mengine ya nyumbani aliyabana mwenyewe, sikuingilia."

Konstebo alikohoa kwa maana. Shangazi alimwelewa. "Jirani anasema jana asubuhi ulimtukana marehemu kwenye simu, sauti inasikika hadi kwake."

"Nilimtukana." Sarafu hakujitetea. "Nilikuwa dukani kwangu mjini. Simu inanionyesha mashine zikilala, moja baada ya nyingine, mpaka zote. Nikampigia. Nikamwambia wewe umelala na mashine zimelala. Akasema mfuko umenywea, gesi imekwisha kabisa, bila shaka tope limefanya ganda juu na kuzuia gesi isitoke. Nikamwambia si ulivunje, unangoja nani?" Alifunika uso kwa mikono yenye simu. "Neno la mwisho nililomwambia ni mzembe. Mtu ambaye hajawahi kulala hata siku moja."

Alilia kama mtoto. Konstebo, aliyekuwa amemwandaa kichwani mwake kuwa mshitakiwa wa pili, alilazimika kumfuta tena, kwa sababu wateja wa duka walikuwa wameshathibitisha kuwa alikuwepo pale akifoka.

Daktari wa maiti alipiga simu wakiwa bado uani. Shangazi alisikiliza, akauliza swali moja, akashukuru.

"Jeraha la kichwani halikuvimba na halikuvuja damu ya maana," alimwambia konstebo. "Aliumizwa akiwa ameshakufa. Kilichomuua alikivuta puani."

"Na ndoano je?"

"Kwa hilo tunamngoja fundi wa gesi."

Fundi wa gesi, aliyelijenga tangi lile, alifika kwa pikipiki, na hakutaka hata kukaribia shimo kabla upepo haujageuka. Kifuniko cha zege kilikuwa bado kimesukumwa pembeni. Harufu ya mayai yaliyooza ilikuja mara moja, kisha ikapungua.

"Hiyo ndiyo mbaya," fundi alisema. "Ikiwa kidogo inanuka. Ikizidi, pua inakufa ganzi, unadhani imeondoka. Hatua mbili chini ya ngazi, mtu anaanguka kama amezimwa. Niliwafundisha wote wawili, tena mbele ya mama yao: usishuke. Na mwenzako akishuka akaanguka, usimfuate, mvute kwa mti wenye ndoano. Nimeshazika watu wa familia moja waliofuatana shimoni kuokoana."

"Kwa hiyo mdogo mtu alifanya ulichomfundisha."

"Neno kwa neno."

"Na mkubwa? Alijua, kwa nini akashuka?"

Fundi alikuna kidevu. "Kosa hili nimeliona kwa wanaochimba sarafu tu. Mfugaji wa kawaida jiko likizimika anakunywa maji na kungoja jioni. Hawa macho yao yako kwenye mfuko. Mfuko ukilala, mtu anajiambia gesi imekwisha. Na kama gesi imekwisha, shimoni kuna nini cha kumdhuru? Anashuka kama anaingia chumbani kwake. Kumbe sumu imo ndani ya tope, ukilikoroga tu inafumuka."

"Sasa nitazamie hilo ganda."

Fundi alichomeka ufito mrefu kutoka mbali, akausikiliza kwa mkono. Alichomeka tena. "Ganda hakuna. Tope ni laini kama uji."

"Na mfuko umejaa wenyewe bila mtu kukoroga."

"Basi mtambo haukuwa na ugonjwa wowote." Fundi aligeuka polepole kuutazama mfuko. "Gesi ilikuwa inakwenda kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Hakuna kwingine. Palikuwa na mpira wa jikoni tu, na marehemu aliufunga mwenyewe mashine zilipokuja. Aling'oa hata mpini wa koki."

Konstebo aliposikia jiko alichangamka, kwa kuwa huko ndiko alikoweka hazina yake. Aliwaongoza ndani, akawaonyesha ukuta nyuma ya meza. Chini kabisa, mahali pa kupiga magoti, palikuwa na alama za mikono miwili ya tope lililokauka.

"Alikimbilia hapa kabla ya kuita watu," alisema. "Jirani aliyesikia kelele anasema wakati anafika, tope la mlango wa jiko lilikuwa limeanza kukauka. Alikuwa anaficha kitu, afande."

Alikuwa amesema kweli bila kujua. Shangazi alipiga magoti. Kati ya alama zile mbili bomba lilitokeza ukutani, na koki yake isiyo na mpini ilikuwa imefungwa. Chuma chake kilikuwa na mikwaruzo inayong'aa, na juu ya mikwaruzo palikuwa na tope. Nyuma ya debe la unga alikuta spana ndogo. Kwenye meza, chini ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, kulikuwa na jiko la gesi, vitundu vyake vimesuguliwa kimoja kimoja. Juu yake sufuria ya maharage, yameiva nusu, yameanza kuchacha. Gunia la mkaa lililoegemea kona lilikuwa na vumbi tu.

Konstebo alifungua mdomo. Shangazi alimwinulia kidole, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi konstebo aliufunga bila kusema.

Mama alikuwa chumba cha pili, ameketi kitandani katikati ya wanawake wa jirani. Shangazi aliwaomba wawapishe. Mama alikuwa mdogo kuliko sauti ya kikohozi chake.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Uliza."

"Siku hizi mnapikia nini?"

"Mkaa," mama alisema, akitazama mikono yake. Alikohoa kwa muda. "Zamani tulipikia gesi yetu. Siku moja mwanangu mkubwa alikuja na kalkuleta, akakaa hapo ulipo, akaniambia mama, sufuria moja ya maharage inakula gesi ambayo mashine zingeigeuza pesa kuliko bei ya maziwa ya siku nzima. Akasema mkaa wa kununua ni nafuu kuliko gesi yetu wenyewe. Mimi sikusoma, lakini hesabu ile niliifahamu. Tatizo kifua changu hakikuifahamu."

"Hukumkatalia?"

"Ningemkataliaje? Alikuwa ananitafutia pesa ya daktari wa kifua hichohicho." Alijifuta macho kwa kiganja. "Usimwone mbaya. Alikuwa na haraka tu. Aliogopa nitakufa kabla sarafu hazijatosha."

Shangazi alikuwa ameuliza wafiwa wengi maswali mengi, lakini lililofuata aliliacha. Alipoinuka, mama alimshika mkono kwa nguvu ambazo hakuzitegemea.

"Nirudishie huyu mmoja. Sikuombi kingine."

Kule mahabusu, kijana yule alikuwa amekaa palepale alipoachwa jana. Walikuwa wamempa nguo safi, hakuzivaa. Tope lilikuwa limemkaukia mikononi na kupasuka kila alipokunja vidole. Shangazi alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Nitasema mimi," alimwambia. "Nikikosea, nisahihishe. Jana asubuhi ulipeleka maziwa. Uliporudi ulikuta kifuniko kimesukumwa, kaka yako chini. Hukumfuata, kwa sababu mlifundishwa. Ulimvuta kwa ndoano, ikamshika vibaya kichwani, akatoka akiwa ameshakwisha."

Kijana aliutazama ukuta.

"Halafu hukuita mtu mara moja. Ulikimbilia jikoni, ukachukua spana nyuma ya debe la unga, ukafunga koki. Mama yako hakuwepo?"

Kijana alikunja vidole, tope likapasuka.

"Hakuwepo. Angekuwepo usingethubutu."

"Alikuwa nyuma ya nyumba, bustanini," kijana alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kwa kutotumika. "Afande, andika kwamba nilimpiga."

"Kwa nini niandike uongo?"

"Kwa sababu mimi nikiwa muuaji, mama atanichukia. Chuki inampa mtu nguvu ya kuamka asubuhi. Lakini akijua gesi ilikwisha kwa ajili ya maharage yake, hatamaliza mwezi." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye niliyemnunulia spana. Mkaa ulikuwa unamuua, na kaka kila nikisema ananionyesha kalkuleta. Nikamwambia mama, fungua alfajiri, chemsha chai, funga. Chai haionekani kwenye mfuko. Tulikwenda hivyo muda mrefu bila kaka kujua. Juzi mkaa ukaisha. Na usiku kaka akasema amechoshwa na viporo, ana hamu ya maharage ya mama. Maharage, afande! Yanakaa motoni asubuhi nzima."

"Akampikia."

"Akampikia mwanawe. Kosa liko wapi hapo?"

Shangazi alimwacha alie, kisha akamuuliza jambo moja: "Ukifungwa, mama atabaki na nani?"

"Atabaki na mtu wa kumlaumu."

"Na akikohoa usiku, huyo wa kumlaumu atampa maji?"

Kijana aliinamisha kichwa magotini. Aliposema tena, lilikuwa sharti. "Usimwambie mama. Sema ni ganda. Fundi alishatueleza habari za ganda mbele yake, ataamini."

"Sitamwambia."

Maelezo yaliandikwa mchana uleule. Konstebo aliyapiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili na uso mzito. Marehemu alishuka shimoni akidhani gesi imekwisha. Hewa ya shimo ikamuua. Mdogo wake akamvuta kwa ndoano kama alivyofundishwa. Alipofika kwenye alama za mikono alisimama.

"Na za jikoni, afande?"

"Alikimbilia kumtafuta mama yake. Mtoto akiumia hukimbilia wapi?"

Konstebo aliandika hivyo. Ripoti ilitaka kujua mtu yule aliuawa na nini, na hilo Shangazi alilijibu kwa ukweli. Nani alipika nini, hakuna aliyemuuliza. Alipiga simu mahakamani, akasaini, akaamuru kijana aoge na kutolewa.

Kabla hajatuma mtu kumwita mama, mama aliingia mwenyewe. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, na kwapani alibana furushi la nguo. Aliliweka kaunta.

"Nimekuja mnifunge mimi," alisema. "Nimebeba nguo za kubadilisha. Mtoeni mtoto."

Konstebo alitoa macho. Shangazi alizunguka kaunta, akamketisha mama kwenye benchi, akakaa naye.

"Hakuna wa kufungwa, mama. Mwanao anatoka sasa hivi. Kaka yake aliuawa na hewa ya shimo. Ganda liliziba tangi, akashuka kulivunja."

Mama alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mgeni anayesifu chakula ambacho hakukila.

"Nilitoka nikaacha moto unawaka chini ya sufuria," alisema. "Nilisikia kelele nikaja mbio, nikamkuta mwanangu amelala pale. Baadaye walinipeleka jikoni ninywe maji. Moto umezimwa. Ukutani, mikono ya mdogo wake. Mimi ndiye niliyewanawisha mikono hiyo tangu wakiwa wadogo, nisiijue?" Alikohoa, akangoja kipite. "Naye ananiona mimi sijui. Ndiyo maana hasemi. Si ndivyo?"

Shangazi alikuwa ametoa ahadi, akaishika. Lakini machozi hayakuahidi kitu, yakamtoka, na mama akayaona.

"Hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kuwasha jiko lake, mama," alisema alipoweza.

"Sikuuliza sheria." Mama alilichukua furushi lake, akaliweka mapajani. "Basi usimwambie kwamba najua. Akijua najua, atakaa akinilinda mpaka azeeke. Mwache adhani amefaulu."

Mlango wa ndani ulifunguka. Kijana alitoka na nguo safi, nywele zinadondosha maji. Alimwona mama yake, akasimama. Kisha akaja, akapiga magoti mbele ya benchi, akaweka kichwa juu ya furushi bila kuuliza lilikuwa na nini.

"Mama," alisema, "lilikuwa ganda. Liliziba tangi, kaka akashuka kulivunja. Fundi amehakikisha."

"Nimesikia, mwanangu."

"Hakuna aliyekosea, mama. Ganda tu."

"Ganda tu," mama alisema, akimfuta maji ya nywele kwa ncha ya mtandio. "Inuka. Twende tukamzike kaka yako."